Ndoano namba ngapi kwa mnyoo wa plastiki? Jibu kwa mvuvi wa Hombolo

Swali limetoka kwa msomaji wa Ipagala, Dodoma, ambaye siku za mwisho wa wiki huvua bwawa la Hombolo kwa fimbo yenye rili. Shemeji yake aliyeko Marekani amemletea pakiti tatu za minyoo ya plastiki laini, ya inchi 4, inchi 5 na inchi 7, pamoja na ndoano zilizoandikwa 1/0, 3/0 na 5/0. Nyumbani anazo pia ndoano za kawaida namba 8 na 12 alizonunua soko la Majengo. Anaandika: “Mtaalamu, ndoano ipi inakwenda na mnyoo upi? Nimefunga 5/0 kwenye mnyoo wa inchi 4, nikafunga 1/0 kwenye ule mnene wa inchi 5. Samaki wanagonga, nasikia kabisa mkononi, nikivuta natoka na mnyoo mtupu. Hakuna jedwali la mambo haya?”

Ndugu yangu, jedwali lipo na nitakupa vipimo vyake. Ila ukilishika jedwali peke yake utarudi na swali hilohilo mwezi ujao, maana namba iliyoandikwa kwenye pakiti haitoshi kuchagulia. Ndoano huchaguliwa kwa uwazi wake ukilinganishwa na unene wa mnyoo. Likishakaa sawa hilo, unaangalia mdomo wa samaki unayemtafuta. Namba inafuata mwisho, na kazi yake kubwa ni kukusaidia dukani.

Tuanze na hizo namba, maana zinawachanganya wengi. Kuna safu mbili zinazokutana katikati. Ndoano ndogo zina namba isiyo na mkwaju, na hapo namba ikipanda ndoano inapungua: 12 ni ndogo kuliko 8, 8 ni ndogo kuliko 4, na 4 ni ndogo kuliko 1. Ukishafika 1, safu ya pili inaanza, ile yenye mkwaju na sufuri, na huko namba ikipanda ndoano nayo inakua: 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea. Kwa hiyo 1 na 1/0 ni majirani, ila 8 ya Majengo na 5/0 ya shemeji yako zimeachana mbali sana. Tena hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Ndoano ya 3/0 ya kampuni moja inaweza kuwa na uwazi sawa na 4/0 ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja, 3/0 ya umbo hili hailingani na 3/0 ya umbo lile. Ndiyo sababu mvuvi makini hutembea na rula ndogo kwenye mkoba.

Uwazi ninaousema ni nafasi iliyopo kati ya shina la ndoano na ncha yake. Weka rula kutoka kwenye ncha, ivuke moja kwa moja hadi kwenye shina, usome milimita. Kisha pima unene wa mnyoo pale ambapo ncha itapita, maana minyoo mingi ni minene katikati na myembamba mkiani. Uwazi uwe walau mara moja na nusu ya unene huo, na ukikaribia mara mbili ni vizuri zaidi. Mnyoo wenye unene wa milimita 6 unataka uwazi wa milimita 9 hadi 12. Mnyoo wa milimita 10 unataka 15 au zaidi kidogo.

Kwa nini nafasi yote hiyo? Kwa sababu ya namna chambo hiki kinavyofungwa. Chambo cha plastiki laini kwa kawaida hufungwa ncha ikiwa imefichwa ndani ya mwili wake, ili kipite kwenye matete, magugu na vijiti bila kukwama. Samaki anapouma, plastiki inabonyea na kusogea. Ni lazima iwe na mahali pa kwenda ili ncha itokeze na kuingia kwenye mdomo wa samaki. Uwazi ukiwa mdogo, plastiki inajikunja kwenye mkunjo wa ndoano na kuujaza kama tambara lililoziba bomba, ncha inabaki imezikwa humohumo, na wewe unavuta mpira tupu kutoka kwenye meno ya samaki. Hicho ndicho kilichokupata kwenye mnyoo mnene wa inchi 5 uliofungwa 1/0.

Upande wa pili ulikosea kinyume chake. Ndoano ya 5/0 ndani ya mnyoo mwembamba wa inchi 4 ni chuma kinachotembea kikiwa kimevaa shati. Shina linafika karibu na mkia, mnyoo hauwezi kucheza, uzito wa waya unauzamisha kama msumari, na samaki mwenye mdomo mdogo hana namna ya kuuingiza mdomoni. Anagonga, anakutana na kitu kigumu, anatema. Mkononi unasikia “tap” moja tu, basi.

Sasa vipimo. Ninasema juu ya ndoano zenye bega, zile ambazo waya wake karibu na tundu la kufungia umekunjwa kama ngazi ndogo ili kichwa cha mnyoo kikae hapo kisiteleze. Za shemeji yako bila shaka ni hizo. Kama pakiti ina herufi EWG, maana yake ni zile za tumbo pana, zilizotengenezwa kwa ajili ya minyoo minene.

Mnyoo wa inchi 4 mwembamba, yaani sentimita 10 kwa urefu na milimita 6 au 7 kwa unene, unakwenda na 1/0, na kama ni mnene kidogo panda hadi 2/0. Ule wa inchi 5 ulionyooka kama kalamu, wenye unene wa milimita 9 hadi 10, unataka 3/0 ya tumbo pana, na ukiona bado unabana weka 4/0. Mnyoo wa inchi 7 wenye mkia wa utepe nao unataka 3/0, au 4/0 kwa mwili ulioshiba. Naam, 3/0 ileile. Hapa ndipo watu wengi hupotea: wanadhani mnyoo ukirefuka ndoano lazima ikue. Sehemu kubwa ya urefu wa mnyoo wa inchi 7 ni mkia mwembamba unaocheza, na mwili wenyewe mara nyingi ni mwembamba kuliko ule wa inchi 5. Urefu unakuambia ndoano itakaa wapi ndani ya mnyoo. Unene ndio unaokuambia iwe kubwa kiasi gani. Ndoano ya 5/0 ni ya minyoo ya inchi 10, au ya vile vyambo vipana vyenye umbo la kaa na mijusi ambavyo mwili wake ni mnene kama kidole gumba.

Kuhusu mahali pa ncha: kwenye mnyoo wa inchi 4 na 5, ncha itokeze kati ya theluthi ya kwanza na nusu ya urefu ukihesabu kutoka kichwani. Kwenye wa inchi 7 ikikaa kwenye theluthi inatosha. Ikipita nusu umeua uchezaji wa mnyoo.

Kabla ya kwenda majini fanya jaribio la vidole. Funga mnyoo kwenye ndoano kama utakavyouvulia. Ushike kwa kidole gumba na cha shahada pale kwenye mkunjo, gumba likiwa upande wa tumbo na shahada upande wa mgongo, pembeni kidogo mwa ncha usijichome. Bonyeza taratibu mpaka plastiki iguse shina. Angalia ncha. Inatakiwa itoke yenyewe, safi, na ionekane walau milimita 5 juu ya plastiki, pamoja na kile kijino cha nyuma ya ncha. Ikitoka nusu, au ikitoka kwa kuchana mnyoo, ndoano ni ndogo au umeifunga vibaya. Ikiwa ncha inatokeza hata kabla hujabonyeza, ama ndoano ni kubwa, ama hujaificha vizuri, na itakusanya kila jani la bwawa. Jaribio hili halikuchukui hata dakika, na linasema ukweli kuliko jedwali lolote.

Namna ya kufunga nayo ina makosa yake, na kosa la kufunga hufanana sana na kosa la saizi, kwa hiyo nilieleze polepole. Ingiza ncha katikati kabisa ya kichwa cha mnyoo, iende ndani milimita 5 hadi 7, kisha itoe upande wa tumbo. Vuta ndoano yote ipite hadi tundu la kufungia lifike kichwani, zungusha ndoano nusu mzunguko ili ncha igeukie mwili wa mnyoo, halafu lisukume bega liingie ndani ya kichwa. Sasa hatua ambayo wengi huiruka: uache mnyoo uning'inie wima wenyewe, laza ndoano ubavuni mwake, na uangalie sehemu ya chini kabisa ya mkunjo inagusa wapi. Weka alama kwa ukucha hapo. Pinda mnyoo kidogo, pitisha ncha kwenye alama hiyo moja kwa moja hadi itokee mgongoni, mnyoo ukae umenyooka. Mwisho vuta ngozi ya plastiki mbele ya ncha kidogo, uifiche ncha chini ya ngozi hiyo, milimita 1 tu. Isiingie zaidi ya hapo.

Ukichoma mbele ya alama, mnyoo unabaki na nundu kati ya kichwa na mkunjo. Ukichoma nyuma ya alama, mnyoo unavutika kama mpira wa manati na ndoano inajipinda ndani. Vyote viwili vinaufanya mnyoo uzunguke kama feni unapouvuta, nailoni inajisokota, na ukitupa mara chache unapata fundo kwenye rili. Mnyoo ulionyooka unatelemka ukiyumba mkia, hauzunguki. Uutazame kwanza kwenye maji ya kina kifupi miguuni pako kabla ya kuutupa mbali.

Sasa tuje kwenye maji yetu, maana hapa ushauri wa pakiti unaachana na Hombolo.

Vyambo hivi na vipimo hivi vilitungwa Marekani kwa ajili ya samaki anayeitwa bass, mwenye mdomo mpana ajabu, anayemeza chambo kizima kwa kufungua kinywa na kuvuta maji. Jirani zetu wa Kenya wanaye, aliingizwa ziwa Naivasha mwaka 1929. Kwenye mabwawa ya Dodoma hatunaye. Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, ni bwawa la perege na kambare, na hao wawili wana midomo tofauti kama usiku na mchana.

Perege ana mdomo mdogo na hula kwa kudonoa: mwani, wadudu wadogo, vipande laini. Perege mwenye urefu wa sentimita 25, ambaye ni kitoweo kizuri kabisa, hawezi kuingiza 3/0 kinywani. Akiona mnyoo wako wa inchi 5 anadonoa mkia. Nina hakika kubwa kwamba sehemu ya zile “tap tap” unazozisikia ni perege, na kwao hata ufunge vizuri namna gani hutanasa. Kwa perege rudi kwenye ndoano zako za Majengo. Namba 8 kwa perege wakubwa, namba 12 pale wanapokuwa wadogo au wanadonoa kwa woga, na kama ukipata 10 hiyo ndiyo ya kati. Kata kipande cha mkia wa mnyoo cha sentimita 2 hadi 3, kichome mara moja tu karibu na mwisho, ncha iwe wazi bila kufichwa. Kwenye chambo kidogo hivi hakuna haja ya kuficha ncha, na ukiificha unaharibu. Weka boya dogo na chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, la gramu 1 au pungufu. Hata hivyo niseme wazi: kwa perege, mnyoo hai wa kwenye udongo mbichi au donge la ugali uliokandwa ukakaza bado vinaishinda plastiki siku nyingi. Plastiki ina faida moja, haitoki ndoanoni, kwa hiyo wale wadogo hawakuibii chambo kila dakika.

Kambare ndiye wa hiyo mizigo ya shemeji. Mdomo wake ni mpana, anakula karibu kila kitu, samaki wadogo, vyura, wadudu, na anatafuta chakula chini kwa sharubu na kwa kunusa zaidi ya kuona, hasa jioni na usiku. Mambo mawili yanafuata hapo. La kwanza, plastiki isiyo na harufu kwake ni kitu cha kupita tu. Chukua dagaa wakavu kama kiganja kimoja, twanga, changanya na vijiko viwili vya mafuta ya kupikia, loweka minyoo usiku kucha kwenye mfuko uliofungwa. Au tumia utumbo wa kuku: bandika kipande kwenye ncha baada ya kufunga mnyoo, kidogo tu, kisizibe uwazi. Mtu hukazana kupata uwazi wa milimita 15 halafu anaujaza utumbo, akarudi palepale alipoanzia. La pili, fuvu la kambare ni gumu na taya zake zina ukanda wa vijimeno vidogo vigumu. Ncha butu inateleza juu ya mfupa. Ndoano hushika vizuri pembeni mwa mdomo, kwenye nyama, na hapo uwazi mpana unasaidia tena kwa sababu inabidi ndoano izunguke ukingo wa taya nene. Kwa kambare wa kilo 1 hadi 2, tumia 2/0 au 3/0. Wa kilo 4 kwenda juu, 4/0 au 5/0 si kubwa, mradi mnyoo wenyewe una unene wa kuibeba.

Ukali wa ncha upime kwenye ukucha wa gumba: iweke ncha kwa mshazari, isukume bila nguvu. Ikikwaruza na kusimama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo, ukisugua kuelekea kwenye ncha, mara tatu nne kila upande. Ndoano iliyokwangua jiwe hata mara moja ipime tena palepale. Na kijino cha nyuma ya ncha kikiwa kirefu sana, kiminye nusu kwa koleo. Ndoano inaingia kwa urahisi zaidi, na samaki mdogo unamtoa bila kumchana.

Unene wa waya nao unaingia kwenye hesabu. 3/0 ya waya mwembamba inaingia mdomoni kwa nguvu kidogo lakini kambare mzito anainyoosha. 3/0 ya waya mnene hainyooki, ila inahitaji mvuto wenye nguvu ili kijino kizame, na kwa fimbo laini yenye nailoni nyembamba nguvu hiyo haifiki. Nailoni huvutika: ukiwa umetupa mita 30, sehemu ya mvuto wako inaishia kwenye mshipi wenyewe. Kwa nailoni ya milimita 0.30 chukua waya mwembamba au wa kati. Waya mnene uwekee nailoni ya 0.40 au kamba ya kusokotwa, ambayo karibu haivutiki kabisa. Na ukisikia amegonga, usivute papo hapo. Shusha fimbo, kusanya ulegevu wa mshipi mpaka usikie uzito, ndipo uinue fimbo kwa nguvu moja, juu au pembeni. Ukivuta mshipi ukiwa bado umelegea, ncha haitoki kwenye plastiki hata kama uwazi ni wa kutosha.

Hapa niweke tahadhari kuhusu ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia shina. Ni nzuri sana kwa kambare ukitumia chambo cha nyama, unaacha aondoke nacho na mshipi unamkaza mwenyewe bila kushtua. Usiifungie mnyoo wa plastiki kwa kuficha ncha. Ncha tayari inatazama ndani, plastiki ikijazana hapo hakuna kinachotoka.

Chubwi: kwa mnyoo wa inchi 4 na 1/0, gramu 3 hadi 4 zinatosha. Kwa inchi 5 na 7 na ndoano ya 3/0, gramu 5 hadi 7. Tumia lile lenye umbo la risasi lililotobolewa katikati, likimbie huru kwenye nailoni mbele ya mnyoo, ncha yake nyembamba ikiangalia upande wako. Likifungwa juu ya pua ya mnyoo bila kukimbia, samaki anahisi uzito mapema na kutema. Siku za upepo mkali Hombolo panda gramu chache, usibadilishe ndoano. Na yale madogo ya kubana kwenye nailoni yabane kwa koleo, usiyang'ate, madini ya risasi ni sumu.

Sasa kuhusu kusoma ushahidi. Kila samaki anapokukosa, kabla ya kutupa tena, itazame plastiki. Ukikuta mnyoo umeshuka na kujikusanya kwenye mkunjo, ncha ikiwa bado imezikwa, uwazi ni mdogo: panda namba moja au tumia mnyoo mwembamba zaidi. Ukikuta mkia umekatwa safi na mwili hauna alama, aliyegonga ni mdogo au anadonoa kwa nyuma. Fupisha mnyoo kwa kukata sentimita 2 kutoka kichwani na ufunge upya, hivyo ncha inasogea karibu na mkia bila kuongeza saizi. Ukikuta ncha imetoka vizuri, iko wazi kabisa, lakini samaki hayupo, basi saizi haina kosa. Angalia ukali wa ncha na namna unavyovuta. Ndoano ikirudi imefunguka, waya ni mwembamba kwa samaki huyo, na hapo suluhisho ni waya mnene wa saizi ileile. Kichwa cha mnyoo kikiwa kimechanika na kuteleza chini kila baada ya kutupa mara mbili tatu, bega la ndoano ni dogo kwa kichwa hicho, au plastiki imechoka. Kata milimita 7 za kichwani uanze upya kwenye nyama mpya. Na ukimpata samaki mdogo aliyemeza ndoano hadi kooni, ulitumia ndoano ndogo mno na ukachelewa kuvuta. Hilo la mwisho nakuomba ulichukulie kwa uzito, kwa sababu samaki huyo hata ukimrudisha majini mara nyingi haponi, na mabwawa yetu hupungua maji kila kiangazi na kubanwa na wavuvi wengi kwenye maji machache.

Ukienda dukani hapa mjini kununua za kuongezea, ndoano nyingi utakazokuta ni zile za shina refu lililonyooka, zinazonunuliwa kwa ajili ya migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Hazina bega. Bado unaweza kuzitumia kwenye mnyoo wa plastiki kwa kuzuia kichwa kisiteleze: pitisha kipande cha kijiti cha meno kwenye kichwa cha mnyoo kupitia ndani ya tundu la ndoano, kata ncha mbili zilizobaki nje. Chagua kwa rula, siyo kwa namba iliyo kwenye boksi. Muuzaji akikuambia “hii ni kubwa”, muombe uipime, na utazame pia mkunjo: ule wa mviringo una nafasi nyingi kuliko ule uliobanwa.

Joto la Dodoma lina madhara yake kwa vitu hivi. Usiache pakiti kwenye dashibodi ya gari au kwenye boksi la pikipiki mchana. Plastiki inalainika, minyoo inajikunja kwa namna ilivyolala, na ukiifunga iliyopinda itazunguka hata kama kila kitu kingine ni sawa. Iliyokwishapinda itumbukize kwenye maji ya moto sana kwa sekunde chache, inyooshe juu ya sahani, imwagie maji baridi ibaki hivyo. Kila aina ikae kwenye pakiti yake ya asili, maana baadhi ya plastiki zinayeyushana zikigusana, na rangi nyeusi inaipaka nyeupe. Maji ya Hombolo yakiwa ya tope, hasa wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili, anza na rangi nyeusi au zambarau iliyoiva, kivuli chake kinaonekana zaidi kuliko rangi za kung'aa.

Kuhusu kibali, muone afisa uvuvi wa halmashauri kabla hujaenda popote, hata kama unavua kwa fimbo moja. Uvuvi wa leseni umewekwa na Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003, na kila bwawa linaweza kuwa na utaratibu wake wa maeneo na vipindi vya kupumzisha maji. Na usiingie majini kuokoa ndoano iliyokwama. Maji yaliyotulia yenye magugu ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Ndoano ya bei yoyote ni rahisi kuliko matibabu.

Safari yako ijayo ya Hombolo ningeipanga hivi: fimbo iwe na 3/0 kwenye mnyoo wa inchi 5 uliolowekwa dagaa, chubwi gramu 5, ukivua chini kandokando ya matete kuanzia saa kumi na moja jioni. Mchana wote kabla ya hapo weka namba 8 na boya kwa ajili ya perege. 1/0 ibaki kwenye minyoo ya inchi 4 kwa siku ambazo kambare wanaonekana wadogo. Zile 5/0 ziweke kando kwa sasa. Zitakufaa siku utakayokwenda Mtera, kwenye maji ya Ruaha Mkuu, ambako kuna miti mingi iliyozama na ambako ndoano ya waya mnene iliyofichwa vizuri ndani ya chambo kinene inapita mahali ambapo ndoano wazi ingebaki kwenye kila tawi. Huko vua ukiwa na mwenyeji na ukae mbali na ukingo, maana viboko na mamba wapo.